Unajiita 'witch' TikTok? Kuna shosho hapa Murera neno hilo linamnyima usingizi

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, Jumamosi moja usiku, nilikuwa nimejilaza kwa keja hapa Murera, simu usoni, bando likielekea kuisha. Kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa mtu akatuma picha. Ilikuwa ya shosho mmoja ambaye sote tunamjua, mjane, anayeishi peke yake kwenye kashamba kalikobaki katikati ya ploti za kukodisha. Alipigwa asubuhi sana, ukungu bado uko chini, ameinama kando ya ua, leso kichwani, na mikononi amevaa kitu cheusi hadi kwenye viwiko. Anachuma majani.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi: "Hebu oneni, huyu ndio anamaliza shift ya usiku."

Mwingine akajibu kwa neno moja: "Witch." Halafu zikamwagika emoji: moto, fuvu, vicheko. Kicheko kimoja kilikuwa changu.

Nikatoka kwa grupu, nikaingia TikTok. Video ya kwanza kabisa: dada mmoja wa Nairobi, kucha ndefu nyeusi, mshumaa, mawe ya kristali yamepangwa kama chesi, anatusomea kadi za taroti. Anajiita "witch" bila wasiwasi wowote, na watu wanampa mioyo. Kwa komenti wanamuuliza bei.

Neno moja, usiku mmoja, simu moja. Huyu anapewa mioyo, yule anapewa moto. Nililala vibaya siku hiyo, na kesho yake nikaanza kuchimba. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, lakini ule ugonjwa wa kusoma mambo usiku haukuniacha. Hiki ndicho nilichopata, na naomba unisikilize hadi mwisho, kwa sababu hata wewe pengine umewahi kucheka.

Neno lilitoka wapi

Ukiingia kwenye kurasa za watu wa Wicca, utaambiwa kwamba dini yao ni ya kale kuliko kanisa, kwamba ilirithiwa kutoka kwa makabila ya zamani ya Uingereza. Basi tuanze na makabila hayo.

Kuanzia karne ya 5, watu walivuka bahari kutoka upande wa Ujerumani na Denmark ya leo wakaingia kisiwa cha Uingereza: Waangle, Wasaksoni na Wajute. Walikuwa makabila kamili, na wafalme wao, koo zao, miungu yao na viapo vyao. Miungu hiyo unaitaja kila wiki bila kujua. Ukisema "Wednesday" umemtaja Woden. "Thursday" ni ya Thunor, mungu wa radi. "Friday" ni ya Frige. Mtawa mmoja wao, Bede, aliandika mwaka 725 kitabu kuhusu hesabu ya nyakati, na humo akataja miezi ya babu zake wapagani na usiku mmoja waliouita usiku wa akina mama.

Na neno? Katika Kiingereza chao cha kale, mwanamume mchawi aliitwa "wicca" na mwanamke "wicce". Sisi Waswahili tunaweza kuyatamka sawasawa kuliko Waingereza wa leo: wicha na wiche. Hapo ndipo "witch" ilipozaliwa. Kwa hiyo kwenye jina, watu wa Wicca wana haki yao. Jina ni la kabila kweli.

Lakini angalia jinsi neno lilivyotumika. Katika maandishi ya Waanglo-Saksoni yaliyobaki, wicca ni mshukiwa. Anatajwa kwenye sheria na mahubiri, akikatazwa na kufukuzwa. Mfalme Alfred, mwishoni mwa karne ya 9, alianza sheria zake kwa maneno ya kitabu cha Kutoka, ikiwemo ile amri ya kutowaacha hai wanawake wa aina hiyo. Mfalme Knut, karne ya 11, alipiga marufuku kuabudu visima, mawe na miti, na papo hapo akataja uchawi.

Aliyetibu alikuwa na jina lake tofauti: "læce", yaani tabibu. Vitabu vya matabibu hao bado vipo. Kimoja kimehifadhiwa maktaba ya taifa ya Uingereza mjini London, na ndani yake kuna dawa ya maumivu ya kuchoma ghafla mwilini. Wao waliamini maumivu hayo ni mikuki midogo iliyorushwa na wanawake wenye nguvu wakipita juu ya kilima. Dawa yake ni mimea mitatu inachemshwa kwenye siagi huku maneno yakisemwa. Mmoja wa mimea hiyo unaitwa kiwavi chekundu. Kiwavi ndicho Wakikuyu huita thabai. Shika hilo jina, tutalihitaji baadaye.

Kwa hiyo hata makabila hayo yalikuwa na mgawanyo ambao shosho yeyote wa Kiambu angeuelewa mara moja. Kikuyu kina mũgo, anayetibu na kutazamia, na kina mũrogi, anayedhuru. Ukimwita mũgo mũrogi, umemtukana tusi ambalo zamani lingeweza kumletea kifo.

Mzee wa forodha aliyeanzisha upya

Sasa, dini yenyewe ya Wicca. Mwanzo wake una jina la mtu na miaka tunayoijua: Gerald Gardner, aliyezaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool. Alifanya kazi Ceylon, Borneo na Malaya, mwisho akiwa ofisa wa forodha. Akastaafu mwaka 1936, akarudi Uingereza, na akadai kwamba mwaka 1939 aliingizwa kwenye kikundi cha siri cha wachawi katika eneo la New Forest.

Hakuweza kuyasema hayo wazi mara moja, kwa sababu Uingereza bado ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Sheria hiyo haikusema uchawi upo. Iliadhibu yule anayejifanya ana nguvu hizo. Mwaka 1944, vita vikiendelea, mama mmoja wa Scotland aliyedai kuongea na wafu, Helen Duncan, alifungwa miezi 9 kwa sheria hiyohiyo. Ilifutwa mwaka 1951. Miaka 3 baadaye, 1954, Gardner akatoa kitabu chake "Witchcraft Today" akiwaambia walimwengu kwamba wachawi bado wapo na kwamba hiyo ni dini ya kale.

Dibaji ya kitabu hicho iliandikwa na Margaret Murray, msomi wa mambo ya Misri, ambaye tangu 1921 alikuwa akishikilia kwamba wachawi waliouawa Ulaya walikuwa waumini wa dini ya siri ya kipagani. Wanahistoria waliofuata walipekua ushahidi wake na wakaona haushiki. Mmoja wao, Ronald Hutton, mwaka 1999 alionyesha hatua kwa hatua jinsi Wicca ilivyoshonwa katika karne ya 20 kwa vitambaa vingi: ushairi, vyama vya siri vya wenye pesa, hadithi za mashambani na vitabu vya mazingaombwe.

Yuko hata mmoja aliyeamua kuivalisha nguo za Kisaksoni kabisa. Raymond Buckland, Mwingereza aliyehamia Marekani, alianzisha mwaka 1973 tawi aliloliita Seax-Wica, lenye majina ya Woden na Freya. Namheshimu kwa jambo moja: alisema wazi kwamba ameliunda yeye mwenyewe na kwamba hakurithi chochote kutoka kwa Wasaksoni.

Simcheki mtu hapa. Dini kuwa mpya si dhambi, hata hilo kanisa la hema karibu na stage lilianza juzi. Watu wa Wicca wana miiko yao, wa kwanza ukiwa kutodhuru mtu, na Katiba yetu kifungu cha 32 kinampa kila Mkenya uhuru wa kuamini. Ukitaka kuwasha mshumaa mwezi ukiwa mkubwa, washa tu, chunga pazia.

Ila kuna uongo mmoja mdogo ambao unaudhi. Ni ule wa kusema, "Sisi ndio wale waliochomwa." Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi Ulaya, wengi wao kati ya karne ya 15 na 18. Uingereza penyewe walinyongwa zaidi kuliko kuchomwa. Watu hao hawakuwa waumini wa dini ya siri. Walikuwa majirani waliokwenda kanisa lilelile na waliowashtaki. Wengi walikuwa wanawake, na wengi wazee. Wangefanana na shosho wa kwa picha. Na yule wa kristali hawangefanana naye hata kidogo.

Mjane wa Ailsworth

Kama unataka mzizi wa kweli wa Kisaksoni, mimi nimeupata, na hauna mshumaa wala mwezi. Uko kwenye hati ya shamba.

Hati hiyo iliandikwa kati ya mwaka 963 na 975. Inahusu kubadilishana ardhi na Askofu Æthelwold, na kama hati yoyote ya ardhi, inaeleza shamba lilitoka kwa nani likaenda kwa nani. Moja ya mashamba hayo liko Ailsworth, karibu na mji wa Peterborough. Hati inasema shamba hilo lilikuwa la mjane mmoja na mwanawe. Walishtakiwa kwamba walipigilia misumari ya chuma kwenye sanamu ya bwana mmoja aitwaye Ælfsige ili kumdhuru. Kitu hicho kikasemekana kimetolewa chumbani mwa yule mama. Alichukuliwa, akazamishwa mtoni kwenye daraja la London. Mwanawe akatoroka, akatangazwa kuwa nje ya sheria. Shamba likachukuliwa na mfalme.

Na mfalme alimpa nani shamba? Alimpa Ælfsige. Yule yule aliyelogwa.

Soma tena polepole. Jina la mama halikuandikwa. La Ælfsige liliandikwa, la mwanawe Wulfstan, la askofu, na la shamba. Ni moja ya kesi za kale kabisa zilizobaki katika maandishi ya Uingereza za mwanamke kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na tunaijua tu kwa sababu mtu alihitaji kuthibitisha kwamba ardhi ni yake.

Ukiwa Mkenya huhitaji mwalimu wa kukufafanulia hiyo hati. Unaisoma kama gazeti la leo.

Kule Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa mapanga wakiitwa wachawi, na viongozi wa huko wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa mashamba ya familia. Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma ambako wazee waliokimbia watoto na wajukuu wao hupata hifadhi. Kisii, Mei 2008, watu 11 waliuawa kwa moto na makundi ya vijana yaliyokwenda nyumba hadi nyumba. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwenye kijiji cha Nyagonyi, Marani. Hawakuwa na akaunti za TikTok. Walikuwa na migongo iliyopinda, macho mekundu ya moshi, na vipande vya ardhi.

Neno linapanda meli

Neno la Kisaksoni lilifikaje kwa grupu ya Murera? Lilikuja na serikali ya kikoloni, likiwa ndani ya sheria.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ilianza kutumika Novemba 1925. Ukiisoma utasikia mwangwi wa ile ya Uingereza ya 1735: inamwandama anayejifanya ana nguvu. Cha ajabu, haielezi uchawi ni nini. Neno moja la Kiingereza likatandazwa juu ya mũgo, mũrogi, mganga, mpiga ramli na mzee wa kiapo, wote kwenye gunia moja. Watu waliokuwa na majina kumi ya kutofautisha anayeponya na anayeua wakabaki na moja.

Usinielewe vibaya, sisemi babu zetu walikuwa malaika. Mwaka 1931 huko Machakos, mama mmoja aitwaye Mwaiki aliuawa na kundi la wanaume Wakamba waliomshuku kumroga mke wa jirani. Walijiona wametekeleza haki ya kwao. Mwaka 1932 korti ya Nairobi iliwahukumu wanaume 60 kifo kwa mpigo. Baadaye adhabu hiyo ilibadilishwa na hawakunyongwa, lakini kesi ilijadiliwa hadi London, watu wakibishana iwapo sheria ya Mzungu inaelewa uchawi wa Mwafrika. Katika kelele zote hizo, aliyezungumziwa kidogo zaidi ni Mwaiki.

Na hapa kuna kisa kinachonifurahisha. Miaka hiyohiyo ya 1930, yule Margaret Murray wa dibaji alikuwa akifundisha chuo cha UCL, London, hadi alipostaafu mwaka 1935. Katika chuo hichohicho, idara ya fonetiki, alikuwepo mwana wa Gatundu akiwasaidia wataalamu kusoma sauti za Kikuyu. Jina lake Jomo Kenyatta. Mwaka 1938 Kenyatta alichapisha "Facing Mount Kenya", na humo akaandika sura nzima kuhusu dawa na uganga. Alieleza kwamba babu yake alikuwa mũgo, na kwamba yeye alimfuata akimbebea mfuko wa vifaa. Akapanga aina mbalimbali za uganga, wa kulinda, wa kuponya, wa mapenzi, na ule wa kuharibu akauweka kando peke yake.

Kwa hiyo chini ya paa moja, msomi mmoja alikuwa akiwapa wachawi wa Ulaya dini ambayo hawakuwa nayo, na mwingine akijaribu kueleza kwamba watu wake walikuwa na maneno zaidi ya moja. Dunia ilimsikiliza zaidi yule wa kwanza.

Mwaka 1951 Uingereza ikafuta sheria yake, na Mwingereza akaweza kujiita "witch" na kuuza vitabu. Kenya tulipopata uhuru tulibaki na sheria ya 1925, na bado iko kwenye vitabu vyetu. Ndiyo maana neno lina maisha mawili. Kule limegeuka utambulisho ambao mtu anajichagulia. Huku bado ni kitu unachofanyiwa na majirani.

Mkuyu wa Thika

Kabla sijarudi kwa shosho, neno moja kwa wale mnaotafuta mizizi kikweli, kwa sababu najua mpo na siwalaumu. Umechoka na mahubiri ya kuomba sadaka, unataka kitu cha udongo, kitu cha zamani.

Wasaksoni na ndugu zao wa bara walikuwa na miti mitakatifu. Mmishonari mmoja Mwingereza, Boniface, karibu mwaka 723, alikata mwaloni wa mungu wa radi huko Geismar, Ujerumani, ili kuwaonyesha watu kwamba hakuna litakalompata. Mti huo watu wa Wicca huusimulia kwa uchungu.

Sasa panda matatu ya Thika. Ukifika mjini uliza Mugumo Gardens. Pale ulisimama mũgumo ambao inasimuliwa kwamba Mũgo wa Kibirũ, mtabiri wetu aliyeona nyoka wa chuma kabla reli haijafika, alisema siku utakapoanguka utawala wa Mzungu utakwisha. Wakoloni wakauzungushia chuma ili usianguke. Ukaanguka mwaka 1963. Amini au usiamini, ni nauli ya matatu tu kutoka Murera, na vijana wengi ninaowajua wanaweza kukutajia sikukuu nane za Wicca kwa mpangilio lakini hawajawahi kusimama pale.

Soksi nyeusi

Wiki moja baada ya ile picha, nilikwenda kwa shosho. Nilijifanya nataka mboga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu jua, anapanga mafungu kwenye gunia: managu, terere, na rundo moja aliloliweka mbali kidogo.

"Hiyo usiguse, mjukuu, itakuuma," akaniambia.

Ilikuwa thabai. Huichuma alfajiri ikiwa na umande, kabla jua halijaifanya ngumu, anauzia mama mmoja wa hoteli anayepika mukimo. Na kwa sababu inawasha, huvaa soksi kuukuu za marehemu mumewe mikononi, mbili kila mkono, hadi kwenye viwiko. Soksi nyeusi.

Nilikaa kimya. Mmea uleule ambao miaka elfu moja iliyopita ulichemshwa kwenye siagi kumkinga mtu na wachawi, hapa kwetu ulimfanya aliyeuchuma aitwe mchawi.

Nilimuuliza kama anajua yanayosemwa. Akacheka kidogo, kicheko cha pua. "Najua. Watoto wa ile nyumba ya juu siku hizi wanavuka barabara wakiniona. Mmoja nilimshika mimi akizaliwa." Kisha akaniambia lingine, bila kuulizwa. Tangu Thika Road ipanuliwe, bei ya ardhi huku imepanda kama moshi. Shamba lake ni robo ekari, na pande zote amezungukwa na gorofa. Wanunuzi wameletwa kwake mara tatu, na mara tatu amekataa, kwa sababu mumewe amezikwa pale chini ya mparachichi. Mara ya mwisho aliambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba mtu mzee kuishi peke yake si salama, watu wanaongea.

"Nani alikuletea hao wanunuzi?" nikauliza.

Akanitajia. Sitaandika jina hapa. Ni mtu wa grupu yetu. Ni yule aliyetuma picha.

Usiku huo nilifikiria Ælfsige. Nilijiuliza kama pale Ailsworth kulikuwa na kijana wa pembeni, asiye na shamba wala neno, ambaye alipoambiwa mambo ya misumari alicheka tu na kuendelea na safari yake. Lazima alikuwepo. Tuhuma haitembei bila miguu, na miguu yake ni watu kama mimi wanaocheka halafu wanalala.

Unachoweza kufanya leo

Sikuandika haya ili nikuombe uchukie kristali. Uza kristali zako. Lakini ukimtumia mtu neno hilo, jua linabeba nini mtaani kwenu.

Jua pia kwamba sheria ileile ya 1925, pamoja na mapungufu yake yote, inafanya kuwa kosa kumshutumu mtu ovyo kwamba ni mchawi. Picha yenye neno hilo kwa grupu ni ushahidi. Ipige skrini, ihifadhi. Ukiona majirani wanaanza kukutana usiku, usingoje uone itakwendaje, mwambie chifu, mwambie polisi, mwambie mchungaji mwenye kichwa kizima. Kisii na Kilifi, mara nyingi maneno yalianza kabla ya moto, na watu wengi waliyasikia.

Na usipite kando ya mzee bila salamu. Anayesalimiwa kila asubuhi na vijana kumi ni vigumu kumgeuza jini.

Mimi nilifanya hivi: nilinunua mafungu mawili ya thabai, nikaomba ruhusa ya shosho, nikapiga picha ya zile soksi zikiwa zimeanikwa kwenye ua. Nikaituma kwenye grupu na maneno haya: "Wale mliouliza shift ya usiku, ni thabai ya mukimo. Inawasha ndio maana ya soksi. Fungu ni shilingi 30. Nani anataka?"

Grupu ilinyamaza kama dakika kumi. Halafu mama mmoja wa ghorofa ya pili akauliza kama anaweza kuletewa mbili. Kijana mwingine akauliza inapikwaje. Mtu mmoja akajibu kwa emoji ya fuvu.

Ile picha ya kwanza bado ipo, ukipandisha juu utaiona. Kicheko changu nimekiondoa, ingawa najua waliokiona walishakiona. Jumamosi hii narudi kuchukua mboga, na safari hii nimemwahidi nitakuja mapema, nimsaidie kuchuma. Soksi nitabeba zangu.